Nguo za kubadilisha zikikosekana: mwongozo kamili kwa anayelea watoto nyumbani Tanga

Saa nne asubuhi, uji umeshanyweka, na mtoto wa miaka miwili amelowa kuanzia kifuani mpaka magotini. Unafungua begi lake: chupa ya maji, kitana, kipande cha mkate. Nguo ya kubadilisha hamna, na ni mara ya tatu wiki hii.

Wengi hapo husema mama kasahau kupakia. Lakini andika kwenye daftari kwa wiki mbili tu kila nguo inayotoka na inayoingia, utaona pengo huanza jioni. Mtoto kachafuka, kavalishwa seti yake ya akiba, nguo mbichi zimefungwa begini, kaja kuchukuliwa na kaka yake au bibi. Nyumbani seti zote mbili zinafuliwa, zinaanikwa, zinakunjwa kabatini pamoja na nguo nyingine. Kesho begi linarudi tupu. Hapakuwa na mzembe. Hapakuwa na mtu aliyekabidhiwa kazi ya kurudisha. Ndiyo maana kumsema mzazi hakusaidii zaidi ya siku mbili, na ndiyo maana mwongozo huu unaangalia zaidi namna nguo inavyovuka mlango wako saa kumi na moja jioni.

Kwanza, mtoto aliyelowa sasa hivi

1. Mtoe mbele ya wenzake, umpeleke bafuni au nyuma ya pazia. Usitangaze kilichotokea. Mtoto wa miaka mitatu anajua aibu, na aliyechekwa leo kwa kujikojolea kesho atajificha na nguo mbichi mpaka achubuke.

2. Mvue, msafishe kwa maji na sabuni kidogo, wa kike kutoka mbele kwenda nyuma, kisha mkaushe kwenye mikunjo ya mapaja. Shanga za kiunoni, hirizi au uzi aliokuja nao usivue wala usikate. Kausha chini yake, kwa sababu uzi mbichi huchubua ngozi.

3. Mvalishe nguo ya sanduku la nyumba (maelezo yako hapa chini). Kama sanduku bado huna, mfunge kanga lubega, fundo likae juu ya bega moja. Usifunge fundo shingoni hata kidogo: mtoto akipanda kiti au akilala nayo, humkaba. Kabla ya usingizi wa mchana ifungue, umfunike tu.

4. Andika palepale, kabla hujarudi kwa wengine: jina, saa, alichovaa. Ukisema utaandika baadaye, baadaye ni wakati wa chakula.

Kosa kubwa la dakika hizi ni kuchukua nguo kwenye begi la mtoto mwingine. Umeziba pengo moja ukafungua mawili, na mama wa pili akiiona fulana ya mwanawe mwilini mwa mtoto wa jirani hatakuelewa. Tena upele na mashilingi (fangasi wa ngozi) husafiri kwa nguo. Kosa la pili ni kumvisha mtoto wa kiume gauni kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Wazazi wengi huliona kama dharau, hata kama hawatasema. Na mzazi aliye kazini usimpigie simu kwa ajili ya bukta. Mpigie kama mtoto anaharisha au ana homa.

Sanduku la nyumba

Hili ndilo litakaloondoa nusu ya matatizo. Ni akiba yako mwenyewe, haimhusu mzazi yeyote, na halitoki nyumbani ila mwilini mwa mtoto. Kwa watoto sita wa umri wa mwaka mmoja hadi minne, anza na bukta au suruali za lastiki 12, fulana 8, chupi 12, magauni 4, masweta 3 na doti 2 za kanga, yaani vipande vinne. Angalia kwamba nguo za chini ni nyingi kuliko za juu. Mkojo, haja na mchanga vyote humalizia chini, na bukta ndiyo inayopotea kwa wingi. Kanuni rahisi: idadi ya watoto mara mbili kwa nguo za chini, idadi ya watoto na mbili juu yake kwa fulana.

Fulana, bukta na masweta nunua mitumba ya sokoni Ngamiani, zinafaa sana kwa kazi hii. Chupi nunua mpya, za pamba. Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku nchini, na hata bila marufuku hiyo hazifai kuvaliwa na watoto kwa zamu. Kwenye lebo za mitumba utakuta namba za sentimita: 80 ni takriban mwaka mmoja, 86 mwaka na nusu, 92 miaka miwili, 98 mitatu, 104 minne. Nunua za 92 na 104 pekee. Mtoto mdogo kuliko nguo atakunjiwa miguu, lakini aliyezidi nguo hana la kufanya. Zipu na vifungo viache sokoni, kwa kuwa mtoto aliyebanwa na haja hasubiri vifungo. Lastiki ivute kwa vidole kabla ya kulipa: ikitoa mlio wa kukatika, au ikibaki imelegea, iache.

Sasa jambo linaloamua kama sanduku litadumu. Chagua rangi moja kwa nguo zote za nyumba, tuseme kijani, na rangi hiyo ijulikane kwa wazazi wote. Rangi inaongea kabla ya mtu. Bibi akimpokea mjukuu wake kavaa kijani chote, anajua bila kuambiwa kwamba nguo hizo ni za kurudisha. Juu ya rangi, shona kiraka cha kitenge kimoja kile kile kwa nje, mgongoni karibu na pindo la fulana na nyuma ya kiuno cha bukta. Kata miraba ya sentimita 5 kwa 5, pinda kingo ibaki 4 kwa 4. Kipande cha kitenge cha sentimita 25 kwa 25 kinatoa viraka 25, kwa hiyo kwa sanduku zima utahitaji vipande viwili hivi. Kiraka kikiwa kwa ndani hakisaidii, maana anayekunja nguo usiku hatazami ndani.

Gharama ya kujaza pengo iingize kwenye ada tangu mwanzo. Shilingi 1,000 kwa kila mtoto kwa mwezi, kwa watoto sita ni 6,000, inatosha kuongeza nguo kidogo kidogo. Usitoze faini kwa nguo isiyorudi. Faini humfanya mzazi afiche, na aliyeficha harudishi kamwe.

Kikapu cha kila mtoto

Tofauti na sanduku la nyumba, kila mtoto awe na nguo zake zinazolala kwako. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaacha seti ya akiba isafiri kwenye begi kila siku. Seti inayosafiri ndiyo inayopotea. Weka kikapu au ndoo yenye namba ya mtoto, iwe na fulana 2, bukta 3, chupi 3 na kanga kuukuu moja. Aliye kwenye mafunzo ya choo aongezewe bukta 2. Juu ya mfuniko bandika karatasi yenye orodha hiyo ili hata msaidizi wako aweze kuhesabu.

Hesabu vikapu siku ya Alhamisi, wala usingoje Ijumaa. Ukimwambia mzazi Alhamisi jioni kwamba kikapu kimebaki na bukta moja, ana Jumamosi ya kufua na Jumapili ya kukausha, na Jumatatu nguo zinarudi. Ukimwambia Ijumaa jioni mlangoni, kichwa chake kiko kwenye safari ya Muheza au shughuli ya Jumamosi, na Jumatatu utapewa samahani.

Mabadiliko ya msimu nayo yahesabiwe. Kikapu kilichojazwa mwezi wa pili, wakati wa joto la kaskazi, hakina sweta. Masika yakianza Machi unajikuta na fulana za mikono mifupi tupu. Fanya ukaguzi mkubwa mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Oktoba kabla ya vuli, na siku hiyo hiyo pima urefu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hukua akaziacha nguo zake ndani ya miezi minne au mitano, na kikapu kilichojaa nguo zisizomwenea ni sawa na kikapu kitupu.

Alama isiyofutika

Majina yaliyoandikwa kwa kalamu moja kwa moja kwenye nguo hayadumu. Kwenye pamba wino husambaa kama nguo ina unyevu, na kwenye nailoni na poliesta hupauka baada ya kufuliwa mara chache. Njia inayodumu: chukua utepe mweupe wa pamba, kata sentimita 5, andika namba ya mtoto kwa maka isiyofutika ukiwa mkavu kabisa, acha usiku mmoja, upige pasi ya moto kavu, kisha ushone pande zote nne. Ukishona ncha mbili tu, katikati hutengeneza kitanzi na kidole cha mtoto hunasa. Weka kwenye shingo ya fulana na kiuno cha bukta. Nguo mbili za seti moja hutengana mara nyingi, kwa hiyo kila kipande kiwe na alama yake.

Pembeni ya namba shona misalaba mitatu ya uzi wa rangi ya mtoto huyo: nyekundu kwa namba 1, bluu kwa namba 2, na kuendelea. Hii ni kwa ajili ya bibi asiyeona vizuri maandishi, na kwa dada wa kazi anayeanua nguo usiku. Pini usitumie hata kwa siku moja.

Mlangoni jioni

Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, na mifuko mbadala iliyokuja haizuii maji, hivyo nguo ya mkojo ikifungwa humo hulowesha daftari na chakula begini. Mpelekee fundi cherehani mabaki ya turubai jepesi akushonee mifuko ya sentimita 30 kwa 40 yenye kamba ya kukaza. Kwa watoto sita shona 12, miwili kwa kila namba. Sehemu ya kamba inayoning'inia nje isizidi sentimita 20 ikiwa imelegezwa, na mfuko utundikwe juu, mtoto asiufikie.

Mfuko huu ndio risiti yako. Ukitoka na nguo chafu, unatakiwa urudi na nguo safi, na asubuhi hupokei begi tu, unapokea begi na mfuko. Kabla mtoto hajavuka mlango fungua mfuko mbele ya anayemchukua, mwonyeshe, uzitaje nguo kwa sauti: "Bukta moja, fulana moja, na amevaa za kwetu za kijani." Sekunde kumi. Anayechukua akiwa ni bodaboda au mtoto wa darasa la nne, usitegemee ujumbe wa mdomo hata ukiahidiwa. Mwandikie mzazi:

"Habari za jioni, Mama Rahma. Leo Rahma amerudi na bukta na fulana zetu za kijani zenye kiraka. Nguo zake mbichi zimo kwenye mfuko namba 4. Tunaomba kesho mfuko urudi na zote. Usiku mwema."

Ujumbe uwe hivyo hivyo kila siku, mfupi, bila lawama na bila kukumbushia ya wiki iliyopita. Utume kabla ya saa moja usiku, wakati nguo bado haijaingia kwenye beseni la kufulia.

Daftari liwe na safu sita: tarehe, namba ya mtoto, kilichotoka, saa, nani kachukua, kimerudi lini. Mstari usiojazwa safu ya mwisho ndio deni. Ukurasa mmoja kwa wiki. Usiweke kwa mzazi mmoja mmoja, kwa sababu hapo huwezi kuona kwamba siku za mvua nguo haziwi kavu kwa yeyote.

Nguo zikikaa siku tatu bila kurudi, kumbusha kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Mama Rahma, karibu. Ile bukta ya kijani ya Jumanne bado iko kwako, mwenzangu? Watoto watatu wamelowa leo, nimebakiwa na mbili." Unamwambia hali ya sanduku, humwambii tabia yake. Kwa mzazi aliyekuzidi umri tanguliza shikamoo na useme jambo lile lile, ukiwa pembeni na si mbele ya wazazi wengine.

Kama ni mara ya nne na kikapu hakijazwi, uliza, kwa faragha, kama nguo zipo. Kuna nyumba ambazo mtoto ana seti mbili tu, na moja ndiyo ya kutokea. Hapo usidai. Chukua nguo nne kutoka akiba yako, weka namba ya mtoto huyo, ziwe zake. Kukosa nguo peke yake si dalili kwamba mtoto hatunzwi. Lakini kama kila siku anafika na njaa, ana vidonda visivyotibiwa, au ana alama za kupigwa, hilo si suala la nguo tena. Liende kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Kufua na kukausha nguo za nyumba

Hapa ndipo sanduku linapokwama, hasa Aprili na Mei. Nguo 20 zikiwa kwenye kamba bado mbichi ni sawa na nguo 20 zilizopotea.

Haja kubwa iondoe kwanza kwa maji baridi yanayotiririka, chooni. Maji ya moto hugandisha haja, damu na maziwa kwenye uzi, na doa hilo halitoki tena. Kisha fua kwa sabuni na maji ya uvuguvugu. Nguo ya mkojo isuuze kwa maji safi mapya mpaka harufu na rangi viishe, umimine juu yake badala ya kuichovya kwenye beseni lile lile. Hapa Tanga wazazi wengi watakuuliza kama nguo ni twahara, yaani safi kwa ibada, kwa kuwa mtoto atabebwa na mwenye udhu. Uwe na jibu la uhakika.

Dawa ya klorini usimwagie nguo yenye mkojo. Mkojo na klorini hutoa hewa kali inayochoma macho na kifua, na bafu dogo hujaa haraka. Suuza kwanza, ufue kwa sabuni, kisha ndipo uweke klorini kama ni lazima, kwa kipimo cha kwenye chupa. Itumie mara chache, kwani inaua lastiki.

Mchuzi wenye manjano hugeuka mwekundu ukipata sabuni. Usishtuke, ndivyo manjano yalivyo. Fua kawaida uanike juani, doa litafifia siku mbili tatu. Lakini utomvu wa mgomba na wa korosho hautoki. Nguo hiyo ihamishie kwenye michezo ya mchanga, usiendelee kuisugua mpaka itoboke.

Ndoo ya kulowekea iwe na mfuniko unaobana na ikae mahali mtoto hafiki. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kiganja, kichwa chini, bila kutoa sauti.

Siku za mvua, kunja nguo iliyokamuliwa ndani ya taulo kavu, ibane kwa magoti, ndipo uanike barazani, nafasi ya kiganja kati ya nguo na nguo. Bukta ianikwe kwa kiuno, mfuko wa ndani ukiwa nje. Nguo ikikaa siku mbili bila kukauka hupata uvundo. Ifue upya, usiifunike kwa manukato.

Usianike kwenye majani, wala usiache chini ya mti nguo ikalala mbichi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo yenye unyevu. Funza wake huingia kwenye ngozi na kufanya jipu. Piga pasi ya moto pande zote mbili, ukikaza kwenye mishono na lastiki, hata kwa nguo iliyoanikwa barazani. Kama ni pasi ya mkaa, piga nje au mahali penye hewa, kamwe si chumba wanapolala watoto, kwa sababu hewa ya sumu ya mkaa haionekani na inaua. Ukiwa na upupu karibu na uzio, ung'oe ukiwa umevaa glovu na uutupe mbali kabla haujakauka. Upepo wa kusi huleta manyoya yake mpaka kwenye kamba.

Mtoto akigundulika ana upele, nguo alizovaa siku tatu zilizopita zichemshwe au zifungwe peke yake kwenye ndoo yenye mfuniko kwa siku saba, kisha zifuliwe. Wadudu wa upele hawaishi siku nyingi nje ya mwili.

Ukipoteza wewe

Itatokea. Kabla hujasema imepotea, tafuta sehemu nne: kikapu chenye namba inayofuata, ndani ya shuka za usingizi, kwenye sanduku la nyumba, na begi la mtoto aliyeondoka wakati mmoja na mwenye nguo. Piga simu kwa mzazi wa huyo wa mwisho siku ile ile, maana kesho ataona ni nguo yake. Ikiwa haijapatikana baada ya siku mbili, mwambie mwenyewe mzazi bila kusubiri aulize, na umpe nguo nyingine ya thamani ile ile. Nguo ya sikukuu au sare iliyoshonwa ina uzito tofauti: ikifika asubuhi imevaliwa na mtoto, mvue, umvishe ya kijani, uitundike ukutani mpaka jioni.

Mwishoni mwa Desemba mwaga sanduku lote sakafuni, uhesabu kwa orodha ya Januari. Zilizotoboka ziwe madekio, zilizobana zipelekwe kwa wanaozihitaji baada ya kung'oa viraka vya kitenge. Kiraka kikibaki, nguo hiyo itaonekana mtaani Makorora ikidhaniwa imeibwa.